Mpande ya Mfalme

Mwanangu, kuna siku moja ambayo uzee umeshindwa kuninyang'anya. Majina ya majirani nayasahau, miwani naitafuta huku nimeivaa, lakini siku ile iko palepale. Wewe umerudi nyumbani na nishani ya wanasayansi kifuani, shangazi zako wamepiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakabweka, na mimi nimekaa kimya. Umeniuliza kama sikufurahi. Nimefurahi, we mutoto! Chanda chema huvikwa pete. Ila kaa hapa kwanza, chai bado ya moto.

Lubumbashi wakati ule iliitwa Élisabethville. Wazungu walikaa mjini, sisi tulikaa cité, mtaa wa weusi, na moshi wa bomba la kiwanda cha shaba ulitufunika wote bila kuuliza rangi ya mtu. Nilikuwa kijana, muuguzi msaidizi katika hospitali ya weusi. Kazi yangu ilikuwa kuchoma vidole vya wagonjwa, kupaka damu kwenye vioo na kumpelekea daktari. Nilikuwa na koti jeupe na nililivaa hata sokoni, usinicheke.

Mwaka ule mama yangu, bibi yako, alianza kusinzia. Alisinzia akitwanga, alisinzia tonge likiwa mkononi. Mjomba wangu alimleta kwa gari moshi kutoka kwetu kaskazini. Daktari wetu alitazama damu yake, hakuona kitu, akasema ni uzee, arudishwe kijijini. Uzee gani, na nywele zake zilikuwa nyeusi tititi? Nilijua kwamba akirudi atalala na hataamka tena.

Ndipo tukasikia kwamba anakuja bingwa kutoka Ulaya, mzee aliyetumia maisha yake kuufuata ugonjwa wa usingizi. Mfalme wa kwao alikuwa amemvika nishani. Padri mmoja alitueleza kwamba nishani ile si ya askari wala ya matajiri. Waliovikwa walikuwa wachache: mmoja alipima nuru ya nyota, mwingine alisoma mawe kama sisi tunavyosoma sura za watu, mwingine aliwaza juu ya haki mpaka akaota mvi. Akifa mmoja, kiti chake hukaa wazi mpaka apatikane anayestahili. Nilikuwa sijui kwamba duniani kuna watu wanaoheshimiwa kwa kufikiri tu!

Siku alipokuja tulipangwa mstari, wauguzi na wagonjwa, mama akiegemea bega la mjomba. Kumbe bingwa mwenyewe ni kizee kifupi, viatu vimejaa vumbi jekundu, lakini kifuani ile nishani, yenye umbo la nyota, inawaka. Nyuma yake wakubwa wa mji wanatazama saa, maana karamu ya mchana ilikuwa inamngoja.

Sasa mjomba wangu naye alikuwa na mpande shingoni. Ndiyo ile duara nyeupe unayoiona kwenye picha yake, gamba la konokono wa baharini. Kwetu mpande haikuvaliwa na kila mtu. Wazee walimvalisha baada ya yeye kupatanisha vijiji viwili vilivyokuwa vimeshika mishale. Na tangu siku ile hakupumzika. Mwenye mpande akiitwa kwenye nyumba ya shida, anamgusa mgonjwa kwa gamba lile, na akishamgusa hali chakula mahali pengine mpaka shida ile ijulikane jina lake. Mkubwa ni jalala, mwanangu.

Basi mjomba akaona ile nyota. Akatoka kwenye mstari, akasimama mbele ya bingwa.

"Bwana munganga, kumbe na weye uko na mpande! Ni nani alikuvalisha?"

Mungu wangu! Ilibidi nitafsiri mimi. Nilijua naweza kufukuzwa kazi siku ileile. Bingwa akajibu kwamba ni mfalme.

"Muzuri," akasema mjomba. "Basi muguse huyu dada yangu. Kwetu muntu ya mpande akigusa mugonjwa, hakulake kwa bengine mbele ya kujua jina ya ugonjwa."

Wakubwa wakaangua kicheko. Mmoja akasema washenzi hawa wanadhani nishani ni dawa. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini yule mzee hakucheka. Aliniambia nirudie maneno yale polepole, akayasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akaifungua nyota kifuani, akapiga goti sakafuni, akaiweka katika kiganja cha mama yangu aliyekuwa anasinzia.

"Leteni vioo," akasema.

Alikaa kwenye mikroskopu, kile chombo cha kukuzia vitu vidogo. Damu ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Mlangoni dereva alikohoa. Wakubwa wakauliza, mama huyu ana nini hasa? Mzee akajibu bila haya, "Sijui bado." Mtu aliyeketi na wapima nyota anasema hajui, mbele ya watu! Nikaona ametuangusha. Naye akapapasa shingo ya mama, akakuta kivimbe, akavuta maji yake kwa sindano na kuinama tena. Karamu ikaliwa bila yeye.

Kisha akaniita. "Njoo utazame."

Mwanangu, nimeona mambo mengi, sijaona kama lile. Katika tone moja la maji ya mama yangu kulikuwa na vidudu vyembamba, vyenye uhai, vikijipinda na kupiga mikia. Nilipogeuka, mzee alikuwa na machozi. Amevitazama maisha yake yote, na bado anashangaa!

Akatuambia ukweli wote: dawa ipo, lakini inaweza kula macho. Mama alipoamka kidogo tukamweleza. Akasema, "Macho ikule. Masikio itabakia, nitasikia bajukuu." Akapona, na macho yakaenda kweli, kama ulivyomjua.

Jioni ile nilimwambia mjomba, "Umeona mtu mkubwa alivyotuhurumia? Hata karamu ameacha kwa ajili yetu!"

Akanikatiza. "Haiko huruma. Banamuita, anakuja, anabakia. Ile njo kazi ya mpande. Na weye, hii koti yako nyeupe inakuita wapi? Minaiona mpaka ku soko."

Nililivua koti lile, na sokoni sikulivaa tena.

Miaka baadaye nami nilipewa kinishani kidogo cha kutumikia muda mrefu. Nilimpelekea mama. Akakipapasa kwa vidole, akanusa shaba yake, akauliza, "Hii inakuita kwa nani?" Nikavaa kofia, nikarudi wodini kwa mgonjwa niliyekuwa nimemwachia mwenzangu.

Ndiyo maana nimekaa kimya leo. Waheshimu wenye elimu, mwanangu, washangae, maana wanastahili. Lakini ukiwa mmoja wao, usiogope kusema hujui bado, na ukishasema, usiondoke. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukiingia kwa watu na nyota yako, na apone mtu.

Siku ulipozaliwa, bibi yako alikupapasa uso mzima, akasema, "Huyu njo macho yangu, imerudia." Basi Mungu ayalinde macho hayo. Mlango wako ujulikane na wenye shida, na kila watakapokuita, akupe miguu ya kwenda na moyo wa kubaki. Sasa lete hiyo nishani, niiguse.