Jiko la Miguuni

Juni hii Marta, muuza viazi wa Mbalizi, aliamka kila siku amechoka kuliko alivyolala, kichwa kikimgonga. Alilaumu umri, kisha magunia, kisha majirani. Ajabu, akifika sokoni na kupigwa na upepo, uchovu ulimtoka.

"Na ukilala kwa mwanao Iyunga?" aliuliza Eveline wa meza ya jirani.

"Kule naamka mwepesi kama binti. Ila baridi, mwenzangu! Kwangu jiko la mkaa liko miguuni, na dirisha nimeliziba kwa matambara."

Eveline hakucheka. "Dada, sumu ya mkaa haionekani wala hainuki. Kaka yangu tulimzika kwa sumu hiyo hiyo. Jiko lilale nje, dirisha lipitishe hewa. Shemeji Jailos yuko wapi?"

"Mvivu yule? Nimemwita mara tatu, hata hajageuka. Nikamwongezea mkaa, nikafunga mlango."

Marta aliyasikia maneno yake mwenyewe, akashtuka. Aliacha viazi vyake wazi, wakakimbilia nyumbani kwake wote wawili.

Walimburuta Jailos hadi uani. Marta akalaza sikio kifuani pa mumewe. Moyo ulikuwa unapiga, lakini kwa mbali sana.