Nilikataa Kushuka Mtwara

Tangu Ijumaa, nikipita Shangani hapa Mtwara watu wananiuliza kama nimeshafika. Bora niseme mwenyewe.

Binti yangu alikuwa anaolewa siku hiyo Mikindani, jirani na Mtwara, baada ya swala ya alasiri, na mimi baba yake ndiye wa kumwozesha. Nilikuwa Dar kwa biashara. Basi lingenichukua kutwa nzima, kwa hiyo nikapanda ndege kwa mara ya kwanza. Niliambiwa safari ni saa moja na robo.

Dakika ya hamsini, tukatua. Nikaitazama saa, nikaitazama tena. Nimepanda mabasi miaka mingi, nawajua makonda wanaokushusha njiani huku umelipia mwisho wa safari. Nikachungulia dirishani, nikaona mikorosho. Lakini hata Lindi kuna mikorosho.

Abiria wote wakashuka. Mimi nikakaza mkanda.

“Baba, tumefika Mtwara,” mhudumu akaniambia.

“Dada, mimi si wa kuja. Nimelipia saa moja na robo. Robo yangu iko wapi?”

“Leo tumewahi, baba.”

“Mmewahi Lindi! Binti yangu ataozeshwa na nani? Sishuki.”

Rubani mwenyewe akaja kunisihi. Nikamwambia awashe ndege, tumalizie safari.

Mwishowe akaingia mpakia mizigo wa uwanjani, amevaa kizibao cha kung'aa. Nilipomwona uso, nikaulegeza mkanda. Alikuwa kaka wa mke wangu, na kazi yake iko Mtwara.

“Shemeji, shuka,” akasema. “Bwana harusi amekuja kukupokea. Amesikia umegoma, anadhani umemkataa.”