Siku Nilipomtandika Kaka Yangu Kwenye Spika

Chekeni mapema mmalize, maana mbele huko hamtakuwa na hamu, na mimi mwenyewe aibu hii naisimulia nikiwa nimeinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekutwa na simu darasani (ambaye, kwa taarifa yenu, nimeshawahi kuwa).

Kaka yangu Hamisi ni bondia. Au alikuwa, inategemea mnauliza kabla au baada ya Jumapili ile. Pambano lake la mwisho, pale Mwanga, alipigwa ngumi moja tu raundi ya pili akalala mpaka waliokodisha viti wakaanza kuvikusanya, na tangu hapo watoto wa Ujiji kila wakimwona wanaimba "Godoro! Godoro!", basi akaacha mazoezi, akaacha hata kwenda dukani, anashinda ndani anahesabu mabati. Mama akambembeleza, kocha wake Mwalimu Seif akambembeleza, wapi. Mpaka wiki ile ndipo akakubali jambo moja: ataenda kuangalia pambano la wale wawili wanaotajwa kuwa bora wa kwanza na wa pili duniani bila kujali uzito, na akitoka hapo atasema kama anarudi ulingoni au ndiyo basi. Mama kwa furaha akazitoa glovu zake mvunguni akazisugua kwa mawese zing'ae (mawese, jamani! zikanukia mchuzi wa migebuka).

Pambano lilikuwa Marekani, huko kwao usiku, kwetu kumekucha, kwa hiyo wazee walitoka swala ya alfajiri wakaja moja kwa moja kwenye kibanda umiza cha Mzee Pazi, tunakolipia kuangalia televisheni, kanzu na yote. Mimi nilikuwa mlangoni natafuta upenyo wa kuingia bure, Mzee Pazi akanishika shati. Mtafsiri wake wa siku zote, anayetangaza kwa Kiswahili juu ya Kiingereza cha televisheni, alikuwa amekaukiwa na sauti.

"We kijana, si ndiyo wewe unayeiga walimu wako?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kiingereza unasoma?"

"Nasoma." (Kusoma nasoma. Kujua hakuniuliza.)

"Kamata kipaza."

Sasa mnajua desturi ya mtafsiri wa kibanda: kila anayeonekana kwenye kioo lazima apewe jina la mtu wa mtaani, bila hivyo watu wanazomea. Nikamtazama yule namba moja wa dunia, bukta ya bluu, mrefu, anatanguliza mkono wa kulia kwa sababu nguvu yake iko kushoto, nikaona kabisa huyu ni kaka. Nikatangaza, "Wa bluu ni Hamisi wa hapa hapa Ujiji! Wa nyekundu ni yule muuza mkaa wa Katubuka, leo kaja na magunia yake!" Watu wakacheka mpaka benchi likavunjika. Naapa nia yangu ilikuwa njema. Namba moja wa dunia jamani, nilijua atashinda, kaka akija akute jina lake liko juu.

Raundi ya pili, muuza mkaa akatupa ngumi ya kulia, Hamisi wangu akaenda chini.

Hapo ningenyamaza. Ningekohoa tu, hata ningetafsiri kitu cha kweli. Lakini kibanda kizima kilikuwa kimenigeukia kinasubiri, na mimi nikisubiriwa nichekeshe, akili huwa inatoka nje kwanza. Nikasema, "Godoro hilo limetandikwa! Mwenye shuka alete!"

Kicheko kile sijawahi kukipata tena. Wakaanza kuimba, "Godoro! Godoro!", mzee mmoja wa kanzu anafuta machozi, nami nachochea, "Muacheni alale, jana kakesha!", na spika ya Mzee Pazi iko nje mlangoni, imeelekea sokoni, ambako Mama anauza vitumbua.

Refa alipofika nane, wa bluu akasimama. Sitawachosha: raundi zilizofuata alipigana kama aliyekumbushwa jambo, na ya kumi na moja akamweka muuza mkaa chini, naye huyo hakuamka. Kibanda kikalipuka. Hakuna aliyetaja godoro. "Hamisi! Hamisi!", mpaka bati linatetemeka, na mtu akapiga kelele, "Hamisi mwenyewe yumo humu, alikaa nyuma na kocha, mbebeni!"

Kwa giza la mle ndani sikuwa nimemwona akiingia. Wakageuka wote kumbeba, wakamkuta Mwalimu Seif peke yake, glovu za kaka ziko mapajani.

"Kaondoka raundi ya pili," alisema taratibu, akinitazama mimi. "Uliposema aletewe shuka."

Na kwa kuwa walikuwa wamekwishanyoosha mikono ya kubeba mtu, wakanibeba mimi.

Niliposhushwa nilikimbia sokoni, Mama hakuniangalia, akaendelea kugeuza vitumbua, akasema tu, "Kibirizi." Nikadandia bodaboda ya jirani mpaka huko kwenye gati la boti. Nikamkuta kaka tayari amekaa ndani ya boti ya Kagunga, anaenda kwa mjomba kuanika dagaa, mfuko wake wa nguo miguuni.

"Kaka! Umeshinda! Umeamka ukampiga, raundi ya kumi na moja, kibanda kizima kinaimba jina lako!"

Akanitazama kama anayemtazama mtoto wa jirani.

"Dogo, aliyeamka ni yule wa kwenye televisheni," alisema. "Mimi uliniacha chini."

Injini ikawashwa.

Mpaka leo hajarudi. Anapiga simu, anamuuliza Mama hali, ananiuliza na mimi, "Dogo anasoma?", halafu mtandao unakatika, au anaukata. Glovu zimetundikwa juu ya kitanda chake na bado zinanuka mchuzi. Mzee Pazi ameniita mara mbili nikashike kipaza, nikamwambia na mimi sauti imekauka. Siku nikikishika tena, kama nitakishika, nitawaita Bluu na Nyekundu, na anayetaka kuzomea azomee.