Kabla Hajashuka Kisimani

Mume wangu huchimba visima. Kila asubuhi hapa Mishomoroni, akishatia sururu begani, huniambia, "Saa kumi niko nyumbani." Zamani nilikuwa namjibu, "Amina!" Mwenye nyumba wetu, bibi wa Kiswahili ambaye saa hizo hufagia ukumbi, alikuwa akimalizia kutoka mlangoni kwake: "Inshallah."

Neno hilo lilikuwa likiniudhi. Ni kama mtu apite jikoni kwako akutilie chumvi kwenye sufuria yako. Kanisani kwetu tumefundishwa kukiri ushindi, na anayekiri ushindi hasemi "ikiwa." Nilijiona nina imani ya kuwatosha wapangaji wote, pamoja na mwenye nyumba mwenyewe.

Masika haya, asubuhi moja, mvua ilinyesha ya kuziba macho. Mume wangu alikuwa kazini Junda, kwenye udongo wa mchanga, na kisima kilikuwa kimekwenda chini sana. Mvua ilipopungua, muuza mboga akapita akisema kuna kisima kimeporomoka huko Junda. Nikapiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Nikakaa chini pale pale ukumbini.

Bibi alivaa buibui lake. "Inuka, mwanangu. Twende."

"Bibi, naogopa."

"Hata mimi naogopa. Twende hivyo hivyo."

Njiani nilianza kukiri. Mume wangu ni mzima! Naamuru ardhi imwachie! Niliamuru na kuamuru, kandambili zikinasa matopeni, mpaka nikajisikia mwenyewe: mwanamke asiyeweza hata kuchomoa kandambili yake, anamtuma Mungu kama anayemtuma mtu dukani. Nikanyamaza. Nikajaribu la bibi: "Ukipenda, Bwana."

Hapo ndipo hofu iliponishika hasa. Miaka yote nimelisikia neno hilo na sikuwahi kuuliza: na asipopenda? Nililia kwa sauti barabarani, watu wakageuka. Bibi hakuniambia ninyamaze. Alinishika mkono tu, na mkono wake ulikuwa baridi kama wangu.

Tulimkuta ameketi juu ya rundo la mchanga, matope mpaka kwenye nyusi, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa ametoka kisimani kunywa hiyo chai, ndipo kikaporomoka. Nyuma yake shimo lilikuwa limejaa mchanga, na kamba aliyopandia imefukiwa, imebaki ncha. Nilianguka magoti matopeni, na nisidanganye, haikuwa sala. Miguu ilikataa. Shukrani zilikuja baadaye, nilipokwisha kumshika uso.

Jumatatu alikwenda tena, uani kwa wenye kisima kile kile, kuchimba kingine hatua chache kutoka pale. Kazi anayoijua ni hiyo. "Saa kumi niko nyumbani," akasema, safari hii kwa sauti ndogo. Bibi alisimamisha ufagio wake, akaningoja mimi nimalizie.

Sasa neno hilo nalisema mwenyewe, kila siku, na bado sijalizoea. Kuna wanaodhani ni neno la kutuliza moyo. Mimi hulisema nikijua ninakubali nini. "Mungu akipenda," namwambia, na mkono wangu hukawia kwenye mpini wa sururu kabla sijamwachia aende.