Kamati Iliyomfunga Mrina Asali

Siasa ya Ujamaa ilikuwa imepamba moto wakati mkuu wangu wa ofisi aliponiamuru nipange majalada yaliyoachwa na Waingereza. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali pale Tabora. Majalada yalijaa makasha matatu, na jalada moja lilikuwa la kamati ya ujasusi ya wakati wa vita vya Hitla.

Nilidhani nitakuta mambo ya watu werevu. Nilikuta wanaume watano wakigombea gari moja. Bwana Shauri wa wilaya, polisi, jeshi, reli na misitu, kila idara ilitaka kukusanya habari zake, na hakuna iliyotaka kumwonyesha mwenzake. Ndiyo maana wakaundiwa kamati ya kuwaunganisha. Kikao cha kwanza kilizungumzia nani awe mwenyekiti. Cha pili kilizungumzia gari. Cha tatu kiliandika Dar es Salaam kuomba taipureta, na Dar es Salaam ikajibu kwamba ombi limepelekwa kwenye kamati. Sijapata kusoma upuuzi ulioandikwa kwa Kiingereza kizuri namna ile.

Katika kikao cha nne nikakutana na baba yangu.

Jina lake walikuwa wameliharibu, lakini kijiji kilikuwa chetu, karibu na stesheni ya Kigwa, na mwezi ni ule aliochukuliwa. Mtu wa reli alikuwa ameripoti kwamba kuna moto unawaka na kuzimika juu ya miti, kando ya njia ya treni. Kamati ikaamua ni ishara kwa ndege za adui. Adui wa karibu zaidi alikuwa mbali kiasi kwamba ndege yake ingeishiwa mafuta mara kumi kabla ya kuiona Kigwa. Baba alikuwa mrina asali. Alipanda miti na kienge cha moto kufukuza nyuki, kama walivyofanya wanaume wote wa kwetu.

Bwana Misitu angewaeleza hilo kwa sentensi moja. Hakuhudhuria. Walikuwa wamemnyima gari.

Wakamweka baba kizuizini wiki tisa, huku vikao vikibishana ni idara gani imlishe. Mwishowe wakamwachia, wakaandika kwamba sababu ya kukamatwa ni siri na asiambiwe.

Basi hakuambiwa. Alirudi nyumbani amekonda, hana la kueleza, na watu wakajijazia wenyewe: ameiba asali kwenye mizinga ya wenzake. Kwetu mwizi wa mizinga hasamehewi. Nilikua nikiitwa mtoto wa mwizi, na baba hakutundika tena mzinga hata mmoja. Nakiri kwamba hata mimi nilikuwa nusu nimeamini.

Nilimpelekea mkuu wangu jalada lile.

“Naomba nimsomee baba yangu ukurasa huu mmoja,” nilimwambia.

Aliusoma, akafunga jalada. “Ndugu, hili lina mhuri wa siri.”

“Siri ya Waingereza. Wameshaondoka.”

“Mhuri ni mhuri. Hili lazima liende kwenye kamati.”

Nasi tulikuwa na kamati yetu. Wajumbe wakaketi, mimi mwenyewe nikiandika muhtasari. Mmoja aliuliza kama mzee huyo ni mwanachama wa chama. Mwingine alitaka mtu atumwe Kigwa kuhakiki, lakini gari lilikuwa Urambo kwa shughuli za tumbaku. Watu waliojigamba kuwa wamemng'oa mkoloni walikuwa wamekalia viti vyake na kurithi mpaka kikohozi chake cha kabla ya kusema. Suala likaahirishwa.

Nilinakili ukurasa ule kwa mkono, nikauficha kifuani, na Jumamosi nikapanda treni.

Baba alikuwa ameshahamishiwa kijiji cha ujamaa. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Kuna msiba?”

“Hapana. Nimejua kwa nini walikufunga.”

Nikamsomea, nikigeuza kwa Kinyamwezi pole pole. Alisikiliza bila kuacha kuchonga.

“Walisema nawashia taa akina nani?”

“Wajerumani.”

“Wajerumani walikimbia hapa mimi sijaota ndevu.” Akaweka kisu chini. “Na hawa walikuwa wanaume wazima?”

“Watano.”

Kisha akasimama, akaniongoza hadi kwa mzee jirani yetu wa zamani, aliyehamishwa pamoja naye, ambaye baba alidaiwa kuiba asali ya mizinga yake. Akaniambia nisome tena.

Nilipomaliza, jirani hakunitazama. Alimtazama baba. “Mbona hukukana?”

“Nilikana. Ukaniuliza, basi walikukamatia nini? Nami sikuwa na jibu.”

Yule mzee alifuta uso kwa kiganja. Alimwomba baba radhi mbele ya wanawe, akitamka kila neno, kisha akatuletea ugali na tukala naye. Baba alikula kidogo sana. Njiani alinishika mkono mpaka tukafika kwake.

Jumatatu nilirudi kazini. Kamati ilikutana, ikaahirisha suala la baba yangu mpaka usafiri upatikane. Nikaupiga chapa muhtasari ule safi, nakala tano, bila kosa hata moja.