Chanuo la Nyongeza

Kwa miaka kumi na tisa mtaa mzima ulimwita Kiguu na Njia, naye aliitika. Asubuhi alichonga machanuo ya mbao barazani kwake, na jua likipanda aliyatunga kwenye kamba, akayatundika begani na kushika njia. Hakutaka kukaa sokoni. Alisema mwenye duka humngoja mteja kama mgonjwa anavyomngoja daktari. Yeye alimfuata mteja mpaka mlangoni, akamtazama nywele kabla ya kumtazama usoni, kisha akachomoa chanuo linalomfaa.

Halafu magoti yakamsaliti. Daktari alimwambia kwamba akiendelea na mwendo ule, mwaka ujao hataweza hata kuvuka uwanja wa nyumba yake. Akarudi nyumbani, akaketi. Dakika kumi baadaye alikuwa ameinuka, akachungulia nje, akaketi tena. Chini ya kitanda kulikuwa na maboksi yenye machanuo mia mbili, na kazi nyingine hakuijua.

Dada yake mkubwa, karani kwenye duka la kutoa nakala, ndiye aliyeleta wazo la kufungua duka kwenye soko la mtandaoni la ng'ambo. Walijaza fomu kwa siku tatu: kitambulisho, akaunti ya benki, picha za machanuo juu ya shuka jeupe. Mambo yalikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye bei. Kiguu na Njia akauliza mteja atapatania wapi. Dada akamweleza kwamba huko hakuna kupatana. Bei ikiandikwa ndiyo hiyo. Hakumwamini. Hajaona binadamu anayenunua bila kuomba apunguziwe, alisema, akataja dola ishirini na nne ili mteja apate pa kushukia.

Duka likafunguliwa. Siku kumi na moja hakuna aliyebisha hodi. Alichukua simu, akaiweka, akaichukua tena, akaipeleka dirishani akidhani mtandao umenasa.

"Mdogo wangu," dada alimwambia, "kuku hatagi kwa kukodolewa macho."

Siku ya kumi na mbili oda ikaingia. Mama mmoja wa nchi ya mbali alikuwa ameshalipa dola ishirini na nne zote, bila neno. Badala ya kufurahi, mwenye duka alikosa raha. Chanuo lile angelitoa kwa kumi na mbili, tena kwa moyo mkunjufu. Sasa alijiona mwizi. Basi alipofunga kifurushi akatia chanuo la pili, zuri kuliko la kwanza, kama alivyozoea kumpa nyongeza mteja mwema. Dada hakuambiwa. Karatasi iliyobandikwa juu ilisema: chanuo moja.

Kifurushi kilipofika kule, watu wa forodha wakakifungua, wakakuta machanuo mawili, wakakizuia. Duka likasimamishwa. Ujumbe ulimtaka muuzaji ajieleze ndani ya siku tano, la sivyo litafungwa moja kwa moja. Kulikuwa na sababu tatu za kuchagua: amekosea kuhesabu, ametuma bidhaa isiyoagizwa, au ameficha bidhaa.

"Chagua ya kwanza yaishe," alisema dada.

"Mimi? Nishindwe kuhesabu mpaka mbili?"

"Nani anakujua huko?"

"Wewe unanijua."

"Nakujua tangu ukikojoa kitandani. Chagua."

Hakuchagua. Alizunguka chumba, kutoka kabatini hadi mlangoni, mkono ukishika kiti, kisha meza, kisha ukuta. Siku nne zilikwenda hivyo. Dada akamkumbusha kwamba duka hilo ndilo miguu yake sasa, na akiliacha life kwa kiburi, asije kumlilia yeye. Alijua ni kweli, na ndiyo maana hakutulia.

Siku ya tano akamwomba dada ashuke mpaka chini ya ukurasa, palipokuwa na nafasi ndogo ya maelezo mengine.

"Andika," alisema. "Bei niliyoweka ilikuwa ya kuanzia. Mama huyu hakuomba nipunguze. Pesa iliyozidi ni yake, nami nikamrudishia kwa chanuo. Kosa langu ni kutoliandika."

Dada aliyatia katika lugha ya wenye soko, akitikisa kichwa kila alipofika kwenye nukta.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili: mistari minne, hata salamu hakuna. Mteja amepewa mzigo wake. Duka limefunguliwa. Kila kinachotiwa kwenye kifurushi kiandikwe, na kosa la pili halitasamehewa.

Dada akashusha pumzi. Ndugu yake alikuwa tayari amesimama.

"Nyongeza ya kuandikwa si nyongeza tena. Basi bei yenyewe iwe ya haki," alisema. "Tupatane sasa hivi."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mteja. Kazi yako kuandika."

Akasimama upande mmoja wa meza, akataka ishirini na nne. Akahamia upande wa pili, akabana pua na kutoa kumi. Dada alicheka mpaka akavua miwani. Muuzaji akarudi, akaapa kwamba hapati hata pesa ya msasa, akashuka mpaka kumi na nane. Mteja akapanda hadi kumi na moja, akagoma, akasonya, akageuka na kutoka nje.

Dada akangoja. Upande wa muuzaji hapakuwa na mtu. Kupitia dirishani alimwona mteja akikata uwanja kwa kuchechemea, bila kugeuka, akikaribia lango.

"Wewe mteja, rudi," akaita. "Lete kumi na tatu, na usinipotezee muda."

Mteja akasimama. Alifikiri kidogo, akipapasa goti, kisha akageuka na kurudi polepole. Kabla hajafika mlangoni, dada alikuwa ameshaandika kumi na tatu.