Mwili Mmoja, Pochi Moja

Kwa miaka mingi Roselyne Kavere alikuwa mtu wa kuombwa pesa. Yeye ndiye aliyetangulia kufika Birmingham kutoka Vihiga, akapata kazi ya kutunza wazee katika nyumba moja ya Erdington, kisha akamleta mumewe, Oliver. Wakati Oliver alipokuwa akihangaika kutafuta kazi, kila senti ilipitia mkononi mwa Roselyne. Oliver akitaka kunyolewa, aliomba. Akitaka viatu, aliomba na kueleza vile vya zamani vimekosa nini. Roselyne hakuwa mchoyo. Alikuwa tu na desturi ya kuuliza "Ya nini?" kwa sauti ya hakimu, halafu jioni anadai risiti.

Baadaye mambo yalinyooka. Wakapata uraia, mtoto wao Junior akaenda chuo kikuu huko Leeds, na Oliver akaandikwa kazi ya kuendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, kwenye ghala kule Washwood Heath. Kila mmoja akawa na mshahara wake, na habari ya risiti ikasahaulika. Roselyne, angalau, aliisahau.

Ugonjwa ulianzia vidoleni. Alidhani ni baridi ya kawaida ya Novemba. Kufikia Pasaka viungo vya vidole vilikuwa vimevimba kama tangawizi, na magoti yakafuata. Daktari akasema ni baridi yabisi, ile aina ambayo mwili unajipiga vita wenyewe. Kwa vidole hivyo huwezi kumwinua mzee kitandani. Akapewa likizo ya ugonjwa, likizo ikaisha, na malipo yake yakaisha nayo.

"Usiogope," alimwambia Jeanne, rafiki yake wa kanisani, Mkongomani wa Bukavu ambaye pia ndiye aliyekuwa akimsuka nywele. "Hii inchi haiachaka mugonjwa njiani. Omba Universal."

Akaiomba Universal Credit, malipo ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hiyo ambayo watu huiita Universal tu. Ilibidi Oliver naye ajieleze, kwa kuwa wanaishi pamoja. Jibu likaja kwamba hawatapata chochote, maana mshahara wa Oliver unawatosha wote wawili. Roselyne akapiga simu kuuliza. Mama mmoja mwenye subira akamweleza kwamba kwa malipo hayo mume na mke huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Serikali ya Uingereza haijishughulishi sana na Biblia, lakini hilo la wawili kuwa mwili mmoja imelishika barabara.

Roselyne alikata simu, akautazama huo mwili wake mwingine. Ulikuwa umesinzia kwenye kochi, mdomo wazi.

Hivyo ndivyo utawala wa Oliver ulivyoanza. Oliver si mtu mbaya. Ni mtu makini, na mwalimu wake alikuwa Roselyne.

"Baba Junior, nataka kwenda kusukwa," alisema Jumamosi moja.

Oliver akaweka simu yake mezani taratibu. "Kwani hizi zina kasoro gani?"

"Zimekaa miezi miwili."

"Lakini bado zimeshika." Akainama kuzikagua kama mtu anayenunua mbuzi. "Sawa. Ila ulete risiti."

"Jeanne hutoa risiti wapi? Ananisuka jikoni kwake."

"Basi aandike kikaratasi na aweke sahihi."

Roselyne alienda kusukwa. Aliporudi, kikaratasi cha Jeanne kilisema kwa Kifaransa kwamba mteja amesukwa na kwamba mume wake aone haya. Oliver, ambaye hajui Kifaransa, alikikunja na kukitia ndani ya droo pamoja na bili za maji.

Kilichomuumiza Roselyne zaidi ni kwamba kila heri ya Oliver ikawa mkosi kwake. Ghala likampa Oliver zamu za Jumamosi, naye akasimama kanisani kumshukuru Mungu kwa kumfungulia mlango wa ovataimu. Kanisa zima likaitikia amina. Amina ya Roselyne ilitoka nyembamba, maana kila mshahara wa Oliver ulipopanda, Universal ilizidi kuwa mbali. Baada ya ibada ndugu mmoja akawavuta pembeni, akawashauri waseme wameachana.

"Na mimi nilale wapi?" Oliver akauliza.

"Hapo hapo nyumbani. Mnaachana kwa karatasi tu."

"La," Roselyne akasema. "Miaka yote hii nimemvumilia kwa kweli, siwezi kumwacha kwa uongo."

Jeanne ndiye aliyempeleka kwenye ofisi ya ushauri, pale High Street, Erdington, ambako walimkuta dada mmoja aitwaye Jaspreet. Jaspreet alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba ameomba jambo moja na kuyaacha mawili. Kuna malipo ya mgonjwa yanayotokana na michango aliyokatwa kwenye mshahara wake mwenyewe alipokuwa akifanya kazi. Hayo hayatazami mshahara wa mume. Na kuna PIP, msaada wa wenye ulemavu, ambayo huuliza tu ugonjwa umekuzuia kufanya nini. Mumeo anaweza kuwa tajiri au fukara, ni shauri lake.

"Hawaulizi yeye analipwa ngapi?" Roselyne akasema.

"Hawaulizi."

"Hata akifanya kazi Jumamosi?"

"Hata Jumapili."

Roselyne alikuwa amesikia vizuri tangu mwanzo. Alitaka tu kulisikia tena.

Malipo ya michango hayakusumbua sana. Barua ya daktari ilitosha kuyaanzisha. PIP ndiyo iliyomtaka aende mjini kuhojiwa ana kwa ana. Siku hiyo Oliver aliomba ruhusa kazini ili amsindikize. Jaspreet alikuwa amemwonya Roselyne aende kama alivyo siku zote na aseme ukweli, lakini Roselyne amelelewa kwamba ofisi ya serikali haiendewi kama mtu aliyeanguka kutoka kwenye lori. Alivaa hereni, akapaka mafuta, akachagua blauzi yake ya buluu yenye msururu wa vifungo vidogo kama dengu. Asubuhi hiyo vidole vyake viligoma kabisa, kwa hiyo Oliver ndiye aliyemfunga vifungo huku treni ikikaribia kuwaacha. Vidole vya Oliver ni vya foklifti.

Mhojaji alikuwa mama wa makamo aliyejitambulisha kama Beverly. Aliwakaribisha, akauliza kwa Kiingereza, "Unajisikiaje leo?"

"Vizuri sana, asante. Na wewe?"

Oliver akakohoa. Beverly akaandika kitu.

"Unaweza kupika?"

"Napika."

"Bila msaada?"

"Naam." Roselyne hakuona kwamba anadanganya. Kumwambia mgeni kwamba humpikii mumeo ni kujitukana mwenyewe.

"Samahani," Oliver akasema. "Yeye husimama jikoni akaniamuru. Anayepika ni mimi."

"Anapika vibaya," Roselyne akasema. "Nilikuwa namsitiri."

"Na kuoga?"

"Naoga mwenyewe."

"Mgongo naosha mimi," Oliver akasema. "Na miguu. Na kutoka kwenye bafu lazima nimshike hapa kwapani, hivi, kama..."

Roselyne akampiga teke chini ya meza. Goti lilimjibu kwa maumivu makali hivi kwamba aliyeguna ni yeye. Beverly akaandika hilo pia.

"Na kuvaa nguo?"

"Navaa mwenyewe," Roselyne akasema, akijiweka sawa kitini.

Beverly hakuandika. Aliitazama blauzi. Roselyne akainamisha kichwa naye atazame. Kifungo cha kwanza kilikuwa kwenye tundu la pili, cha pili kwenye la tatu, na ndivyo mambo yalivyoendelea hadi kiunoni, ambako kifungo cha mwisho kilining'inia bila pa kwenda. Upande mmoja wa kola ulikuwa unamgusa sikio. Alikuwa amepita hivyo barabarani, akakaa hivyo kwenye treni, akawasalimu watu wa mapokezi kwa heshima zote.

"Nani amekufunga vifungo?" Beverly akauliza kwa upole.

"Mimi," Oliver akasema, na sauti yake haikukosa fahari.

Roselyne akakishika kifungo cha juu ili arekebishe. Kikamponyoka. Akakishika tena, kwa kidole gumba na cha kati, akauma mdomo. Kikamponyoka. Beverly aliiweka kalamu chini, akangoja, na Oliver, aliyezoea kuingilia kila kitu, safari hii alitulia.

"Siwezi," Roselyne akasema.

Hakuwa amewahi kulitamka neno hilo tangu augue, si kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili, si kwa Kiluhya. Baada ya kulitamka, mengine yalifuata yenyewe. Alieleza habari ya bomba lisilofungika, na ngazi anazoshuka kwa makalio, na siku ambazo hukaa kitandani hadi Oliver arudi kwa sababu blanketi ni zito. Machozi yalimtoka kidogo. Beverly akamsogezea tishu, na Oliver akachukua moja pia.

Kwenye treni ya kurudi alinuna mpaka karibu na Erdington.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akasema mwishowe.

"Mimi nilikuvalisha."

Roselyne alijizuia asicheke, akashindwa, na abiria wa mbele yao akahamisha mfuko wake.

Ilichukua miezi, lakini PIP ilikuja, ikaingia kwenye akaunti yenye jina lake peke yake. Oliver alifurahi kwa dhati, ingawa kwa wiki moja hivi alizungukazunguka nyumbani kama mweka hazina aliyepoteza kura. Mara mbili alifungua mdomo aulize pesa zinaenda wapi. Mara zote mbili aliufunga.

Kitu cha kwanza Roselyne alichonunua kilikuwa kifaa cha betri cha kufungulia mitungi ya vioo. Unakiweka juu ya kifuniko, unabonyeza, kinaunguruma na kufungua chenyewe. Alikitumia mara moja, kwenye mtungi wa jemu, akaridhika. Oliver alikitazama kwa macho ya mtu aliyeona mashine ya maana. Akaomba ajaribu. Akafungua achari, akafungua nyanya, akafungua vitunguu vya siki walivyoletewa zawadi Krismasi na ambavyo hakuna mtu nyumbani anayevila. Roselyne alipotoka kuoga alikuta mitungi yote ya kabati imepangwa mezani wazi, na Oliver amesimama katikati akitafuta mtungi mwingine.

"Sasa hivi vyote nani atavila?" akauliza.

"Tutakula," Oliver akasema.

Wakala achari wiki nzima.